Mlango wa Jani, Mlango wa Moyo

Jumatatu, 4 Machi

Chiriku mwanangu,

Mama yako amesema nikiendelea kuzungumza peke yangu jikoni atanihamishia stoo nikazungumze na ndoo. Basi nimeona nizungumze na wewe kwa kalamu. Shule yangu unajua ilipoishia, utanivumilia.

Leo daktari wa moyo ametuita. Ile damu yako waliyoihifadhi imetoa jibu. Kumbe hukuwa na kifafa, kama walivyotuambia ulipoanguka kwenye foleni ya benki. Ilikuwa kasoro ya kuzaliwa. Anasema kwenye seli za moyo kuna milango midogo isiyoonekana, ya kupitishia potasiamu, na aina moja ya milango hiyo kwako ilikuwa haifanyi kazi sawasawa. Moyo ukishapiga, potasiamu inatakiwa itoke upesi ili moyo utulie kabla ya pigo linalofuata. Wako ulikuwa unachelewa kutulia. Moyo wa namna hiyo ukishtuliwa na mlio wa ghafla unaweza kupotea njia moja kwa moja.

Mama yako na mimi hatukutazamana. Kila mmoja alikuwa anaisikia simu yako ikilia kukuamsha uende kazini asubuhi ile ya mwisho, inalia tu, na mama yako toka uani anakwambia, "We Chiriku, zima hilo dude, majirani wamelala."

Kasoro hiyo hurithiwa. Imetoka kwangu au kwa mama yako, na mdogo wako Kitinda naye anaweza kuwa nayo. Amepimwa umeme wa moyo leo leo, na karatasi haikusema ndiyo wala hapana. "Yuko mpakani," daktari akasema. "Siwezi kumwanzishia mtoto dawa ya maisha kwa kubahatisha." Wamechukua damu yetu sote watatu, inapelekwa mbali. Majibu yatachukua msimu mzima wa mvua. Kwa sasa tupunguze milio ya ghafla nyumbani. Mengine tutaongea majibu yakija.

Mvua hazijaanza hata kidogo. Vumbi tupu.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwamsha mdogo wako mara mbili kuona kama anapumua. Mara ya pili akasema, "Baba, utaniua kwa kuninyima usingizi."

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi kazini. Banda la vioo limejaa maharage ya Daktari wa Majani. Wewe hukumkuta, ameletwa chuoni mwaka huu kutafiti mimea. Ni mwanamke mrefu, mkavu, salamu yake ni kutikisa kichwa. Nusu ya vyungu nanyweshea maji yenye chumvi zote ambazo mmea unahitaji, nusu nyingine kila kitu isipokuwa potasiamu. Hayo ya nusu ya pili yanaanza kuungua pembezoni mwa majani, na yanayoungua kwanza ni majani ya chini, yale makongwe. Mmea unawanyang'anya wazee uwape wachanga.

Bawabu amechungulia mlangoni akatikisa kichwa. "Huyo mama ana roho ya chuma. Kama maharage anayashindisha njaa hivi, mbwa wake je?"

"Hana mbwa."

"Si umeona? Wamekwisha."

Nilikuwa sijacheka tangu msiba. Nilicheka, kisha nikaona aibu, nikajifanya nakohoa.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimemuuliza Daktari wa Majani kwa nini potasiamu, na si kitu kingine. Nikamweleza ulivyokufa. Sikupanga kumweleza. Aliweka mkasi chini, akauliza jina la mlango wenyewe. Nililiandika nyuma ya mkono, zile herufi na tarakimu za daktari wa moyo, nikamwonyesha. Akatazama mkono wangu kwa muda.

"Mzee wangu," akasema, "mlango huo naufahamu. Hapa tunachunguza ndugu zake."

Kisha akasema anawahi kikao, akaondoka. Nimekaa siku nzima na neno hilo, ndugu zake, kama mtu aliyekalia mwiba.

Jumapili, 17 Machi

Shangazi yako amekuja. Dada yangu huyu unamjua, hapigi hodi, anaanza kuongea toka barabarani. Alipoelezwa habari za kurithi akamgeukia mama yako.

"Wifi, mimi sina neno. Lakini kwenu ndiko mnakoangukaanguka. Kaka yako si alianguka kwenye harusi?"

"Kaka yangu alianguka kwa pombe, wifi. Na wewe ndiye uliyekuwa unammiminia."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mimi sisemi zaidi."

Alisema zaidi, mpaka jioni. Mama yako aliosha vyombo vile vile mara mbili. Mimi niliangalia sakafu. Ningeweza kusema, "Dada, basi." Sikusema, maana moyoni nilikuwa natamani iwe kweli, itoke kwao na isitoke kwangu. Nimelijua hilo sasa hivi ninapoandika.

Jumatatu, 18 Machi

Joto. Mawingu yanakuja, yanatazama, yanaondoka.

Jumapili, 24 Machi

Nyumba yetu sasa haina mlio. Mama yako ametoa betri za saa ya ukutani. Simu zetu zote mbili amezinyamazisha kabisa, hata kutetemeka zisitetemeke, akazifunga kwenye kitenge na kuziweka kwenye droo ya kabati. Mfuniko wa sufuria ameuviringishia kitambaa. Mlango wa kwenye ua nimeupigilia kipande cha mpira wa tairi usijibamize. Majirani wenye baiskeli nimewaomba wasipige kengele wakipita dirishani, na mmoja akaniuliza kama tumenunua nyumba au maktaba.

Kitinda anatembea ndani kama mgeni. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga kengele wa shule mwaka huu, na cheo hicho alikionea fahari kuliko uwaziri. Juzi nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamweleza, wakampa mwanafunzi mwingine. Hajanisemesha tangu siku hiyo. Leo wakati wa kula amesema bila kunitazama, "Kengele ukiipiga mwenyewe haikushtui. Unajua inakuja."

Hoja yake ilikuwa nzuri kama zako.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua ya kwanza. Nilikuwa nimesahau bati linavyopiga kelele.

Jumamosi, 6 Aprili

Radi.

Simu zinanyamazishwa, saa zinatolewa betri. Radi unaifanya nini? Ilipopiga ya kwanza alfajiri nilikuwa nimeshafika mlangoni kwa Kitinda kabla ngurumo haijaisha, na mama yako nyuma yangu, tumegongana vichwa. Kitinda amekaa kitandani, mzima, anatuangalia.

"Nyie ndio mnanishtua," akasema.

Mama yako akapanda akalala naye. Mimi nikakaa sakafuni, nimeegemea ukuta. Umeme unamulika dirishani, mimi nasubiri mlio wake. Nikawa namgusa mguu mdogo wako kila ukimulika, ajue kinachokuja. Mwishowe akasinzia, na mguu nikaendelea kuushika.

Alhamisi, 11 Aprili

Daktari wa Majani amenieleza, baada ya mimi kumfuatafuata kama kuku wa kienyeji. Naandika nilivyoelewa, usinicheke.

Anasema zamani mno, kabla mmea haujawa mmea wala mnyama hajawa mnyama, viumbe vilikuwa vya seli moja moja majini, na tayari vilikuwa na milango ya potasiamu. Ndani ya mlango kuna kipande kinachohisi umeme ukipanda au ukishuka, na hicho ndicho kinachoamua kufungua. Kisha ukoo ukagawanyika. Waliokuja kuwa wanyama wakaondoka na milango yao, wakaitumia kwenye mishipa ya fahamu na kwenye moyo. Waliokuja kuwa mimea wakaondoka na yao. Kila upande ukarekebisha. Wa moyo, umeme ukipanda, hufunguka potasiamu itoke. Kwenye jani, milango mingi imegeuza kazi, umeme ukishuka hufunguka potasiamu iingie, na vile vitundu vya jani vinaachama, mmea unavuta hewa.

"Lakini pale kizingitini, potasiamu inapochujwa isichanganyike na sodiamu, karibu hapajabadilika," akasema. "Mlango wa binti yako kwa umbo unafanana zaidi na huu wa maharage kuliko na baadhi ya jirani zake mwenyewe humo humo moyoni."

"Kwa hiyo umeharibika toka zamani?"

"Hapana, mzee. Umefanya kazi miaka isiyohesabika. Kasoro ni ya juzi juzi, ya herufi moja tu katika maandishi ya kurithi, katika ukoo wenu mmoja."

Nikauliza ni upande gani wa ukoo. Akasema damu itasema. Halafu akanipeleka pembeni kulikopandwa kifauongo, akakigusa, majani yakasinyaa. Akasema hapo napo ni potasiamu inayotoka. Sikumwambia kwamba ulipokuwa mdogo nilikuleta siku ya likizo, ukakigusa, ukalia ukidhani umekiua, na ukagoma kuondoka mpaka kifufuke. Tulikaa chini pale, mimi na wewe, tukisubiri majani yafunguke. Mguu wako mmoja haukuwa na kiatu.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Mdogo wako amenisemesha, ameomba hela ya daftari.

Jumapili, 28 Aprili

Shangazi yako tena. Safari hii ameleta mganga wa kumwangalia Kitinda mkono na macho. Mama yako aliwakaribisha chai, akawasindikiza mpaka njiani, akarudi akasema, "Baba Chiriku, dada yako nampenda, ila siku nyingine nitammwagia chai miguuni kwa bahati mbaya."

Watu wote mtaani sasa wananiita Baba Kitinda. Mama yako hajabadilisha.

Mvua haikatiki. Natembea ndani ya nyumba toka dirisha hili mpaka lile. Mama yako anasema nitalichakaza zulia, na hatuna zulia.

Alhamisi, 2 Mei

Bomba la mtaa limepasuka, maji yanatoka rangi ya chai.

Jumanne, 7 Mei

Kitinda ameanza kuharisha na kutapika toka jana. Nusu ya mtaa wanaharisha. Barabara ya chini imejaa maji, magari hayapiti. Nimeona nisubiri kidogo.

Jumatano, 8 Mei

Naandika nikiwa hospitali.

Asubuhi chuo kilituambia sisi wa bandani tusije kwa sababu ya maji, kwa hiyo nilikuwa nyumbani. Kitinda alikuwa amelegea, midomo imekauka, anasema miguu inamvuta. Mama yako anampa maji kwa kijiko, anayatoa. Saa za mchana shangazi yako akaingia, sketi imelowa mpaka kiunoni, na dawa mkononi. Amevuka maji yale yote kwa miguu kutuletea. Hilo lazima niliandike.

"Hii ni ya kuzuia kutapika," akasema. "Nimeinunua duka la dawa, hata watoto wachanga wanapewa. Atulie kwanza, ndiyo mumbebe. Mtoto anayetapika hamuwezi kumvusha kwenye maji."

Ilionekana ni akili. Mama yako akaikata nusu kwa kisu, akaiweka kwenye kisosi. Mimi ndiye niliyeinua kichwa cha Kitinda ameze.

Kabla haijamfika mdomoni, tukasikia sauti dirishani. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa inaita polepole, kama mtu anayemwita paka, "Mzee wangu. Mzee wangu, nisikilize taratibu, usishtuke." Nikafungua pazia. Daktari wa Majani, ameshika viatu mkononi, nywele zimemganda usoni, amesimama kwenye maji ya uani. Hakugonga mlango, kwa sababu niliwahi kumwambia kwetu hatugongi.

"Hospitali wamewapigia siku nne," akasema. "Simu zenu hazipokelewi. Leo wamepiga ofisini, namba uliyowaandikia ya kazini. Binti anayo. Msimpe dawa yoyote, kuna nyingi ambazo ni sumu kwake, hata za kutapika. Na asipungukiwe maji. Anaendeleaje?"

Mama yako alitazama kisosi. Akakichukua, akatoka nacho mpaka uani, akakimwaga kile kipande kwenye maji, akabaki amesimama kwenye mvua na kisosi kitupu. Shangazi yako akakaa chini pale pale alipokuwa.

Siku nne, Chiriku. Simu zimelala kwenye kitenge, zinaitwa na watu waliotaka kutusaidia, na sisi tunapita karibu na kabati kwa ncha za vidole ili tusimshtue.

Tulimvusha juu ya mlango. Ule wa stoo, niliutoa bawabani. Mimi mbele, Daktari wa Majani nyuma, mama yako pembeni anamshika asiteleze, shangazi ametangulia anapima kina kwa ufagio na kututukana tukienda kombo. Upande wa pili kulikuwa na gari la kubeba mchanga, dereva hakuuliza kitu.

Hospitali wakamtundikia dripu. Daktari wa moyo alikuja mwenyewe, akasoma damu, akasema potasiamu ilikuwa imeshuka sana, na mlango ambao tayari ni mbovu huwa mbaya zaidi potasiamu ikipungua. "Mngempa ile dawa juu ya hali hii," akasema, hakumaliza.

Nikakumbuka wiki uliyokufa na wewe ulikuwa unaharisha. Ulisema ni chakula cha kazini. Nilikwambia kunywa maji ya moto.

Nimeuliza ndani ya chupa mna nini. Nesi akasema ni maji, sukari kidogo, na chumvi ya potasiamu. Ni ile ile ninayoipima kazini kwa kijiko. Nimekaa naangalia tone moja moja, na mashine ikichora moyo wa mdogo wako, vilima na mabonde. Wamepunguza sauti ya mashine kwa ajili yetu. Mama yako akawaambia waiongeze kidogo. Alitaka kuisikia.

Ijumaa, 10 Mei

Amekula uji. Amelalamika uji hauna sukari. Nikaenda msalani nikalia vizuri.

Jumapili, 12 Mei

Majibu yote matatu. Mama yako hana kitu. Mimi ninayo.

Imepita kwangu ikaja kwako na kwa Kitinda. Daktari anasema wengine huibeba maisha yote bila kuanguka hata mara moja, kama mimi, na kwamba hakuna wa kulaumiwa. Amesema pia ndugu zangu wapimwe. Kwa hiyo ilibidi nimwambie dada yangu, mbele ya mama yako, pale kwenye benchi la wodini.

Shangazi yako alisimama. Akavua kanga ya pili aliyojitanda, akamfunika mama yako mabegani, ingawa hakukuwa na baridi. Halafu akasema, "Wifi, mama yetu alikutwa amelala, hakuamka tena. Tukasema ni uzee. Alikuwa hajafika hata hamsini."

Mama yako akasema, "Pole, wifi."

Ndivyo alivyojibu. Alikuwa na miezi miwili ya maneno ya kurudisha, na alichorudisha ni pole. Nimeishi na mwanamke huyu nikidhani namjua.

Jumanne, 21 Mei

Kitinda yuko nyumbani. Anameza dawa yake kila asubuhi na jioni, mimi pia nameza yangu, tunagonganisha vikombe. Shangazi amepimwa, anasubiri, na kwa kusubiri amekuwa mpole mpaka inatutia wasiwasi. Simu moja imetoka kwenye droo. Mama yako ameiwekea mlio unaoanza chini chini na kupanda polepole, kama mtu anayekuja kutoka mbali anaimba.

Mvua zinapungua. Jana radi ilinguruma upande wa mbali, Kitinda akanyoosha mguu nje ya shuka bila kufumbua macho, akaniambia, "Haya, shika."

Jumapili, 26 Mei

Leo nimepeleka mche wa kifauongo kaburini kwako. Daktari wa Majani ndiye aliyenipa, na wala hakueleza kitu, alitikisa kichwa tu. Nimeshamzoea.

Nimekaa pale muda mrefu, nimetulia kwa mara ya kwanza msimu huu. Nimewaza habari ya huo ukoo mrefu, toka vile viumbe vya majini, na jinsi mlango ulivyopokezanwa mkono kwa mkono, mzima, mpaka kwa mtu mmoja wa kwetu ambaye simjui ukapata ufa, na yeye akampa mwanawe kwa mapenzi tu, kama ulivyo. Mama yangu akanipa mimi. Nikakupa wewe.

Nilikupa na kidevu changu, ukakichukia. Nilikupa huku kucheka kwa kukohoa. Nilikufundisha kufunga kamba za viatu kwa mkono wa kushoto kwa sababu ndivyo ninavyofunga mimi, na mwalimu wako akashangaa. Kitinda ananisubiri getini, anasema jua linamchoma, na naona ameanza kuchoka.

Vichukue vyote pamoja, mwanangu, kizima na kibovu, nami unikumbuke.